Kugombea Uongozi wa Klabu ya Jogging: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila klabu inapokaribia mkutano wa uchaguzi, maswali huwa yale yale, nayo huulizwa pembeni, baada ya mazoezi, na watu ambao hawajaamua. Ukurasa huu unayajibu kwa kuzingatia klabu za jogging za Dar es Salaam, ambako alfajiri za mwisho wa juma makundi yenye fulana za rangi moja hupita mitaa ya Temeke, Ilala na Kinondoni yakiimba nyimbo za mchakamchaka, na ambako klabu hiyo hiyo huzika wafu wake na kuchangia harusi za watoto wake. Mengi yanafaa pia kwa kikundi cha bao, kwaya ya mtaa au timu ya maveterani. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kiongozi wa klabu ya jogging hufanya kazi gani hasa?

Kazi inayoonekana ni ya barabarani: kutangaza njia, kumpanga mwimbishaji, kuwaweka washika bendera mbele na nyuma, na kuhakikisha kwamba hakuna anayeachwa. Kazi hiyo huisha kabla jua halijawa kali, na mara nyingi ni ya kocha au nahodha kuliko mwenyekiti.

Kazi isiyoonekana hujaza siku nyingine zote za juma. Ni kupokea simu ya mwanachama aliyefiwa usiku, kukumbusha ada bila kumfedhehesha mtu, kumfuatilia fundi aliyepokea malipo ya awali ya fulana, kujibu mwaliko wa bonanza la klabu jirani, kuwapatanisha wawili walionuniana, na kupeleka taarifa ofisi ya serikali ya mtaa kwamba Jumapili mtakuwa na wageni. Kwa kawaida mwenyekiti huongoza vikao na kuisemea klabu, katibu huandika na kutunza kumbukumbu, mweka hazina hupokea na kulipa, na wajumbe wa kamati ya utendaji hugawana yaliyobaki; lakini mgawanyo unaokuhusu wewe ni ule ulioandikwa katika katiba ya klabu yako, nao unapaswa kuusoma kabla ya jambo lolote lingine (tazama swali la 10).

2. Je, ni lazima niwe mkimbiaji hodari?

Hapana. Ni lazima uonekane. Wanachama humsamehe mwenyekiti anayekuja nyuma ya kundi akitembea kwa kasi pamoja na wazee na wanaoanza, lakini hawamsamehi asiyekuja kabisa. Tena anayekaa nyuma ya kundi hujifunza mengi ambayo aliye mbele hayasikii, kwa sababu huko nyuma ndiko watu husema kwa nini wamechoka na klabu.

3. Uongozi unachukua muda na gharama kiasi gani?

Nafasi hizi hazina mshahara, na katika klabu nyingi hazina hata posho. Gharama zake huja kidogo kidogo: vocha ya simu, nauli ya kwenda msibani Mbagala na kurudi Tegeta, na lile tarajio lisiloandikwa popote kwamba kiongozi atatoa kwanza na atatoa zaidi ya wengine. Hili la mwisho ndilo linalowaumiza watu wema. Kabla ya kuchukua fomu, weka kiwango cha fedha zako ambacho hutakivuka kwa mwezi, na umwambie mtu mmoja unayemwamini ili akukumbushe siku utakapoona aibu kukataa.

Kuhusu muda, usikadirie mwenyewe. Mwombe anayeshikilia nafasi hiyo sasa akueleze mwezi wake uliopita, juma kwa juma, simu na vikao vyote vikiwamo.

4. Inafaa niwe mwanachama kwa muda gani kabla ya kugombea?

Katiba ikitaja muda, fuata katiba. Isipotaja, subiri hadi uwe umeishi mzunguko mzima wa mwaka wa klabu yako: umehudhuria mkutano mkuu, umeshiriki msiba, umefanya kazi kwenye bonanza, umeona mahudhurio yanavyobadilika mvua za masika zinaponyesha, na umeona ratiba inavyopangwa upya Ramadhani inapoingia. Ambaye hajaona klabu ikipungukiwa na watu hajaijua bado.

## Kujipima mwenyewe

5. Nitajuaje kwamba ninachotaka ni kazi na si cheo?

Jiulize kama kuna sehemu ya kazi ambayo tayari unaifanya bila kuombwa. Pengine wewe ndiye unayempigia simu mwanachama aliyekosekana majuma mawili, au unayebeba maji, au unayeandika majina ya waliofika. Mtu wa namna hiyo anaomba ridhaa ya kuendelea na jambo analolijua. Asiye na sehemu yoyote anayoifanya sasa si lazima awe na nia mbaya, ila anafaa kuomba kwanza ujumbe wa kamati, akapimwa na kazi ndogo.

Kisha andika mambo ambayo ungetaka yafanyike katika miezi mitatu ya mwanzo. Ikiwa yote ni makubwa na ya kupigiwa picha, kama vile ofisi, traki suti mpya, au safari ya klabu nzima kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, ambayo hufanyika kila mwaka tangu 2003, basi rudia zoezi hilo. Safari ya Moshi ni jambo zuri, na klabu iliyokwenda pamoja hurudi imeshikamana. Lakini ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, ina basi la kukodi, ada za kushiriki na malazi, na haiwezi kupangwa na klabu ambayo hata ada ya mwezi haikusanyiki.

Kuna nia nyingine ya kuangaliwa kwa makini, nayo ni hasira. Wengi huchukua fomu ili kumwondoa mtu. Hasira hiyo hukoma siku anayelengwa anapoondoka, na kuanzia hapo aliyeshinda hana tena linalomsukuma kuamka.

6. Watu wengi wananiambia nigombee. Je, hiyo haitoshi?

Ni heshima, na usiidharau, lakini haitoshi. Anayekusukuma mbele hajajitolea kufanya lolote. Mwulize waziwazi: nikichaguliwa, wewe utabeba nini? Akisema atakuwa mjumbe wa fulana, au atakusanya ada za mtaa wake, hiyo ni ahadi unayoweza kuihesabu. Akicheka na kusema “sisi tuko nyuma yako,” basi bado uko peke yako. Ninavyoona mimi, usichukue fomu ya uenyekiti kabla hujapata angalau watu watatu waliokujibu kwa kazi mahususi.

7. Nizungumze na nani kabla ya kuamua?

Anza nyumbani. Mume au mke wako ndiye atakayeishi na simu zinazolia saa tano usiku, pamoja na Jumapili ambazo mazoezi yanafuatwa na kikao na kikao kinafuatwa na msiba. Mweleze pia jambo ambalo watu huliogopa kulitaja: utapigiwa simu na wanachama wa jinsia zote, mara nyingine wakilia. Mambo haya yakizungumzwa mapema ni ya kawaida. Yakigunduliwa baadaye huleta maneno. Kama ibada yako ni Jumapili asubuhi, hakikisha pia kwamba vikao vya klabu havitakuondoa kanisani kila juma, kwa sababu kinyongo hujengeka taratibu.

Baada ya nyumbani, zungumza na kiongozi mmoja aliyewahi kujiuzulu. Anayeendelea atakueleza kazi. Aliyeacha atakueleza palipomshinda.

8. Ni nafasi ipi inayonifaa?

Watu hukimbilia uenyekiti, lakini anayeishikilia klabu ni katibu. Klabu yenye mwenyekiti dhaifu na katibu makini huvuka mwaka salama; kinyume chake ni nadra. Ukiwa mtu wa kuandika, kutunza, na kujibu kwa wakati, gombea ukatibu bila kuona kwamba umejishusha. Uenyekiti unamfaa mwenye uvumilivu wa kusikiliza pande mbili na ujasiri wa kufunga mjadala watu wanapoanza kurudia maneno. Uweka hazina unamfaa mtu mmoja tu: anayeweza kumwambia rafiki yake “fedha hii haitoki bila idhini ya kamati,” kisha wakaendelea kuwa marafiki.

9. Mimi ni mwanamke, au mimi ni kijana, na naambiwa nisubiri. Je, nisubiri?

Maswali haya mawili huulizwa tofauti, lakini chanzo chake ni kimoja. Mwanamke huambiwa achukue uweka hazina au umakamu kwa sababu “akina mama ni waaminifu,” sifa ambayo hutumika kumweka mbali na kiti cha mbele. Katika klabu nyingi wanawake ndio wengi alfajiri, ndio wa kwanza kulipa, na ndio wanaolala msibani. Kama kazi ya uenyekiti unaiweza kwa vipimo vya swali la 5, chukua fomu ya uenyekiti. Jambo moja la kuweka wazi mapema ni saa za vikao: omba vikao vimalizike kabla ya giza, nawe utaona kwamba wanaume wengi nao walikuwa wakilitaka hilo.

Kijana ana kazi ya ziada, kwa kuwa atawaongoza watu anaowaamkia shikamoo. Heshima hiyo haikuzuii kuongoza. Mzee anayekatisha mazungumzo kikaoni hajibiwi kwa ukali mbele ya watu, hufuatwa baadaye na kuombwa msaada: “Mzee wangu, nakuomba unishike mkono katika hili.” Wazee wengi huwalinda vijana waliowaomba ushauri, na huwapinga wale waliowapita kimya kimya. Tafuta mlezi wa klabu au mzee mmoja anayeheshimika ajue nia yako kabla haijatangazwa.

## Fedha na nyaraka

10. Niangalie nini kabla ya kuchukua fomu?

Mwanachama hai kwa kawaida ana haki ya kuona nyaraka za klabu yake, na anayetaka kuiongoza ana wajibu wa kuziona. Zilizo muhimu ni katiba, mihtasari ya mikutano mikuu miwili iliyopita, daftari la wanachama, daftari la mapato na matumizi pamoja na taarifa ya akaunti, na orodha ya mali, hata kama mali yenyewe ni spika moja, turubai na viti. Ombi lako liwe la adabu na la maandishi. Ujumbe kama huu unatosha: “Shikamoo mzee katibu. Nafikiria kugombea, na kabla sijachukua fomu ningeomba kusoma katiba na mihtasari ya mikutano miwili iliyopita, kwa muda na mahali utakapoona panafaa.”

Katika katiba, tafuta mambo haya: muda wa uongozi na idadi ya vipindi, akidi ya mkutano mkuu, watia saini wa akaunti, kiasi ambacho viongozi wanaweza kukitumia bila kuuliza, na namna kiongozi anavyoondolewa. Ukikuta katiba haisemi namna ya kumwondoa kiongozi, jua kwamba hata kwako itakuwa vigumu kuondoka kwa amani.

Zingatia pia namna ulivyojibiwa. Kuchelewa kwa siku kadhaa ni kawaida, kwa maana katibu naye ana kazi zake. Kuambiwa kwamba nyaraka “ziko kwa mtu” na mtu huyo asijulikane, ni taarifa tosha.

11. Nimegundua kwamba hesabu hazieleweki. Nigombee au nijiondoe?

Tenganisha kwanza hesabu zilizovurugika na fedha zilizoibwa. Katika vikundi vya kujitolea, mvurugiko ni wa kawaida zaidi: ada zilipokelewa kwenye simu binafsi ya mweka hazina zikachanganyika na fedha zake za sokoni, rambirambi ililipwa usiku bila risiti, malipo ya fulana yakaandikwa mara mbili. Hayo hurekebishika kwa watu wawili na daftari, wakikaa siku nzima na taarifa za miamala.

Usiyafanye kuwa hoja ya kampeni. Ukisema hadharani kwamba fedha zimeliwa, nawe huna ushahidi, umemvunjia mtu heshima katika mtaa anaoishi na watoto wake, na hata ukishinda utaongoza nusu ya klabu. Peleka hoja kwenye mkutano kwamba kabla ya uchaguzi wateuliwe wahakiki wawili wasiogombea, wasome hesabu na kutoa taarifa. Hoja hiyo ikikataliwa na walio wengi, huku wakijua kiasi kilichopo hakijulikani, ningekushauri ujiondoe katika kinyang'anyiro cha mwaka huo.

Ukigombea na kushinda, usipokee chochote bila hati ya makabidhiano: salio limeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, madeni yametajwa moja moja, mali imehesabiwa mbele ya mashahidi, na pande zote mbili zimetia saini. Kuanzia siku ya pili, fedha ya klabu isikae kwenye simu ya mtu. Akaunti ya kikundi, ya benki au ya mtandao wa simu, yenye watia saini zaidi ya mmoja, inamlinda mweka hazina kuliko inavyomlinda mtu mwingine yeyote.

12. Kwa nini michango ya misiba inatajwa kuwa ndiyo inayoangusha viongozi?

Kwa sababu hapo ndipo fedha na uchungu hukutana, na kila mtu hukumbuka alichofanyiwa. Fanya hesabu ya mfano. Tuseme klabu ina wanachama 60, ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na katiba inasema mfiwa hupewa shilingi 200,000. Kwenye karatasi mapato ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Wakilipa 35 tu, mapato ni 175,000, na msiba mmoja tayari umeyazidi. Ikitokea misiba miwili mwezi huo, pengo ni shilingi 225,000, na kamati itafanya moja kati ya mambo matatu: itapitisha mchango wa dharura, itampunguzia mfiwa wa pili, au viongozi watatoa mifukoni. La pili ndilo linalovunja klabu. Mfiwa wa pili hatakumbuka hesabu. Atakumbuka kwamba mwenzake alipewa zaidi.

Ndiyo maana anayefikiria kugombea anapaswa kusoma kifungu cha misiba kwa makini kuliko kifungu kingine chochote. Je, kinataja ni ndugu gani wanaohesabiwa: mzazi, mwenza, mtoto, au pia mkwe na shangazi? Je, asiyelipa ada miezi mitatu anastahili? Je, kiwango ni kile kile kwa wote? Palipo kimya, kila msiba utakuwa mjadala, na mjadala huo utafanyika huku maiti haijazikwa. Jambo jema kuliko yote ambalo mgombea anaweza kuahidi ni kwamba kifungu hicho kitakamilishwa na mkutano mkuu wakati hakuna aliyefiwa.

Napenda kuongeza kwamba hili si jambo la pembeni kwa klabu ya mazoezi. Watu wengi huamka alfajiri kwa ajili ya afya, lakini hubaki miaka mingi kwa ajili ya kufa na kuzikana, na kiongozi anayeona rambirambi kuwa usumbufu wa kazi yake atakuwa ameielewa klabu nusu.

13. Je, madeni ya klabu yanaweza kunifuata mimi binafsi?

Yanaweza. Kikundi kisichosajiliwa hakina nafsi yake mbele ya sheria, kwa hiyo fundi wa fulana au mwenye basi humdai aliyeagiza na kutia saini. Hata klabu ikisajiliwa, kutoa oda bila idhini ya kamati kunakuacha peke yako. Oda yoyote kubwa itanguliwe na mukhtasari unaoonyesha kwamba kamati iliikubali, na usiiagize kwa ahadi za michango ambayo haijaingia.

14. Klabu yetu haijasajiliwa. Je, hilo linibadilishe mawazo?

Halipaswi kukuzuia, ila lihesabu kama sehemu ya kazi. Tanzania, klabu za michezo husajiliwa na Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967, na njia ya kawaida huanzia kwa afisa michezo wa halmashauri yako, ambaye atakueleza nyaraka zinazotakiwa. Kenya, klabu za michezo huangaliwa na Sheria ya Michezo ya 2013, na vikundi vya kijamii vina sheria yake ya 2022. Popote ulipo, katiba inayosomeka na orodha ya kweli ya wanachama ni nusu ya safari.

## Kampeni na kura

15. Niombe kura kwa namna gani bila kuigawa klabu?

Zungumza na watu mmoja mmoja, waeleze mambo mawili au matatu utakayoyafanya, na uwaulize wao wangetaka nini. Usifungue kundi la pembeni la WhatsApp la wanaokuunga mkono. Makundi hayo huwa hayafungwi baada ya uchaguzi, na klabu mbili huzaliwa humo. Usigawe fulana, vocha wala chakula. Aliyeanza uongozi kwa kutoa atadaiwa kutoa hadi mwisho, na swali la 3 limeeleza mwisho huo ulivyo.

16. Nitakuwa nagombea dhidi ya mwenyekiti aliyepo, ambaye pia ni rafiki yangu. Nifanyeje?

Awe wa kwanza kusikia, tena kutoka kinywani mwako. Mfuate ana kwa ana, mweleze kwamba unathamini alichofanya, na umtajie jambo ambalo ungelifanya kwa namna nyingine. Huenda akakuambia kwamba amechoka na alikuwa anatafuta wa kumwachia, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Akikasirika, angalau hatakuwa na la kusema kwamba ulimzunguka.

17. Kura ya kunyoosha mikono inatosha?

Inatosha kwa kuchagua njia ya Jumapili. Kwa kuchagua viongozi, dai kura ya siri, hata kama ni vipande vya karatasi na ndoo, kwa sababu mtu hapaswi kunyoosha mkono dhidi ya jirani yake, shemeji yake au anayemdai. Asimamie mtu asiyegombea, kura zihesabiwe mbele ya wote, na matokeo yaandikwe hapo hapo.

18. Nimebaki mgombea pekee. Je, nihesabu kwamba nimepita?

Omba kura ya ndiyo na hapana. Kura za hapana zitakuonyesha ukubwa wa shaka iliyopo, na za ndiyo zitakupa nguvu ambayo kupita bila kupingwa hakukupi.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

19. Mwanasiasa ameahidi jezi kwa klabu nzima iwapo nitachaguliwa. Nikubali?

Usikubali. Msimu wa uchaguzi mkuu unapokaribia, klabu zenye watu mia barabarani kila juma huvutia wanaotafuta kura, na zawadi ya namna hii hudaiwa malipo baadaye: picha, ugeni rasmi wa kila bonanza, au wimbo. Klabu yako ina wanachama wa vyama mbalimbali na wasio na chama, ambao alfajiri hukimbia bega kwa bega. Ukitaka kupokea ufadhili ukiwa kiongozi, uletwe kwenye kamati kwa barua, ujadiliwe, masharti yake yaandikwe, na usifungamane na nani amekaa kwenye kiti.

Ikiwa wewe mwenyewe unakusudia kugombea udiwani, uwaambie wanachama kabla ya kura. Wanaweza kukuchagua hata hivyo. Wasichosamehe ni kujua baadaye.

20. Mwanachama akianguka barabarani nikiwa kiongozi, lawama itakuwa yangu?

Watu watakutazama wewe, kwa hiyo jiandae kama unayetazamwa. Klabu hizi zina wanachama wengi wenye shinikizo la damu na kisukari, ambao baadhi yao wameambiwa na daktari waanze mazoezi, na joto na unyevu wa Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi havimhurumii mtu. Kila mwanachama aandike namba ya ndugu wa kupigiwa na maradhi aliyonayo, na karatasi hizo zitunzwe na mtu mmoja tu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hazipaswi kuzagaa kwenye simu za watu.

Hakikisha pia kwamba angalau wanachama wawili wamefundishwa huduma ya kwanza, mafunzo ambayo Msalaba Mwekundu hutoa. Moyo ukisimama, anayejua kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusubiri gari lifike, ndiye mtu muhimu kuliko wote waliopo. Kama hofu ya jambo hili ndiyo inayokuzuia kugombea, mafunzo hayo ndiyo tiba yake, na unaweza kuyachukua hata bila cheo.

21. Nimeshindwa kwa kura chache. Je, niendelee kuhudhuria?

Njoo Jumapili ile ile inayofuata, na uvae fulana ya klabu. Ukikosa, wanaokuunga mkono watakosa pia, na kabla ya mwezi kuisha kutakuwa na klabu nyingine mtaani yenye wanachama ishirini na madeni mapya. Ukipewa kazi kwenye kamati, ipokee. Usipopewa, rudi kwenye ile sehemu uliyokuwa ukiifanya kabla ya uchaguzi, iliyotajwa katika swali la 5.

22. Hakuna aliyejitokeza kugombea, na viongozi wa sasa wamesema hawaendelei. Je, ni wajibu wangu?

Si wajibu wako peke yako, na usiukubali uenyekiti kwa huruma ya dakika ya mwisho ukiwa umesimama mbele ya watu. Pendekeza kamati ya muda ya watu watano kwa miezi mitatu, yenye kazi tatu tu: kuendeleza mazoezi, kulinda akaunti na kuitisha uchaguzi. Tarehe ya uchaguzi huo iandikwe kwenye mukhtasari wa siku hiyo hiyo, na viongozi wanaoondoka waombwe kubaki na watia saini wapya hadi benki itakapokamilisha mabadiliko ya majina.

Watumie miezi hiyo mitatu kuuliza kwa nini kila mtu alikataa. Mara nyingi jibu ni kwamba nafasi moja imebebeshwa kazi za watu wanne. Ugawe ukatibu: mmoja aandike mihtasari, mwingine atunze daftari la wanachama, wa tatu awe na kazi ya misiba pekee. Waliokataa cheo kizima mara nyingi hukubali kipande chake, na katika uchaguzi unaofuata majina ya kuandika kwenye fomu huwa yanajulikana.